Simu ya nyumba bado iko, Qabale

Qabale, binti yangu,

Basi yule fundi akaingiza kidole kwa ile tundu ya ukuta, akatoa, akanusa. Akanigeukia na uso imekunjamana. Akaniita nyanya kwa lugha yetu, akaniuliza, "Ako, hii ni samli?"

Nikamwambia, "Ni samli ya ng'ombe, safi kabisa, imetoka Biliqo kwa ndugu yangu. Si ile ya duka."

"Sijauliza imetoka wapi, Ako. Nauliza inafanya nini ndani ya soketi ya simu."

Wario ndugu yako alikuwa amesimama hapo mlangoni na shati yake ya ofisi ya kaunti, akashika kichwa na mikono mbili. "Mama! Siku hizi zote napigana na watu wa kampuni, nawaambia laini yenu ni mbovu, nyinyi ni wezi, na kumbe ni wewe umepaka ukuta samli?"

"Mimi sijapaka ukuta," nikamwambia. "Nimepaka tundu. Na usinipigie kelele mbele ya mgeni."

Yule mgeni akainama tena, akamulika ndani na tochi. Akasema, "Na kuna sisimizi. Wamekuja harusi."

Hapo nikatoka. Sasa nimekaa huku nyuma, kivuli ya jikoni, na Mama Kinoti. Yeye ndiye anaandika. Unajua mkono yake, ndiye alikuwa ananiandikia zile barua zako za bweni, na ndiye alikuwa ananisomea zako, akiruka mahali umeomba pesa ya mafuta ya nywele. Mimi nasema, yeye anaandika, na saa hii ameniambia nipunguze spidi kwa sababu yeye si mashine. Jirani yako bado ni yule yule. Mboga anauza, mdomo anao, na kanisa haachi.

Anasema akimaliza kuandika atapiga picha aweke kwa ile grupu ya simu, ile ya wasichana wa Isiolo wenye wako kazi huko Uarabuni. Hata kama hao watu unafanyia kazi walikunyang'anya simu, pengine kuna msichana yuko nyumba ya karibu, mnaonana mkitupa takataka, atakuambia mamako amesema hivi na hivi. Kwa hivyo hii barua itasomwa na watu wengi. Wasome tu. Mimi sina siri, na wewe msichana unaisoma na si wewe Qabale, tafadhali, mfikishie.

Sasa nianzie wapi? Nimechanganyikiwa, Qabale. Wacha nikuambie ukweli, kichwa yangu siku hizi ni kama boma watu wanaingia na kutoka. Kila mtu ananielezea hii kitu, na kila mtu akimaliza, najua kidogo kuliko vile nilikuwa najua.

Unakumbuka simu ya nyumba. Ile nyeusi, nzito, ya babako. Iko. Iko kando ya kitanda yangu, kwa ile stuli, na kitambaa yake ya kushonwa juu yake. Watu wote hapa Bulla Pesa walishatupa zao. Waya zingine ziliibiwa kitambo zikauzwa vyuma, lakini yetu inapitia nyuma ya msikiti, na wezi wakaona haya, ikabaki. Mimi kila mwezi namwambia Wario lipa hiyo simu, na yeye analipa, hata kama analalamika.

Unakumbuka vile babako aliileta? Kwanza iliwekwa sebuleni, nyuma ya ile kabati ya vikombe, na watu wakaja kuiangalia. Alikuwa anapigia wachinjaji wa Nairobi. Anasimama, mkono moja kiunoni, anapigia simu kelele kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nikamwambia, "Baba Wario, si wanakusikia kwa hiyo waya?" Akaniambia, "Nairobi ni mbali." Halafu goti yake ikaharibika, akaita fundi wa siku hizo, akavutiwa tundu ya pili mpaka chumba cha kulala, na kutoka siku hiyo alikuwa anauza ng'ombe akiwa amelala. Ng'ombe anatoka Merti, anafika Nairobi, mwenye amemuuza hajatoa hata mguu kwa blanketi.

Na wewe ndio ulikuwa karani yake. Mdogo hivi, meno mbele hakuna. Simu inalia, unakimbia, unashika na mikono mbili. "Haloo, nani na unataka nini?" Siku ile yule mnunuzi mkubwa alipiga, ukamwambia, "Babangu yuko choo, na akienda hakai kidogo." Babako alisikia akiwa huko huko choo. Nilidhani atakuchapa. Alicheka mpaka akashindwa kufunga mshipi.

Nambari ulikuwa unaiimba. Unakumbuka? Ukiruka kamba hapo nje na watoto wa Mama Kinoti, mlikuwa mnaruka na nambari ya simu yetu, kila mruko nambari moja, na mwenye anakosea anatoka. Mama Kinoti anasema hata yeye bado anaijua, na hajawahi kuipiga, kwa sababu anaishi hapa ukuta kwa ukuta, anaita tu. Mimi sijui kusoma, unajua, lakini hata mimi naijua na kidole. Kidole inaenda juu, inarudi, inashuka, inakaa hapo mara mbili, inapanda. Nikifikiria sana inapotea. Nikiwacha kidole iende peke yake, inafika.

Sasa ndio unaelewa kwa nini hii maneno ya tundu imenikosesha raha. Wengine hapa wanadhani mimi ni mzee nimeshikilia simu ya zamani kama mtoto ameshikilia chupa. Lakini ile siku ulipiga ndio mimi nilijua. Kabla ya mfungo, mchana, jua imewaka, niko kwa mkeka nachagua mchele. Ikalia. Nikashika. Sikusikia kitu, halafu nikasikia wewe, sauti ndogo kama mtu amejificha kwa kabati. "Mama. Ni mimi. Walichukua simu yangu siku ile nilifika. Nambari ya Wario sijui, ilikuwa ndani ya simu. Hii ndio najua peke yake." Nikakuuliza, "Umekula?" Katika maneno yote ya dunia, mimi nikauliza umekula. Ukasema, "Mama, nitapiga tena nikipata nafasi. Usibadilishe kitu." Halafu ikakatika.

Usibadilishe kitu. Hiyo ndiyo ulisema. Na mimi sijabadilisha. Hata stuli sijasogeza.

Sasa sikia Wario alifanya nini, na usimkasirikie haraka, kwa sababu mimi nilishamkasirikia nikamaliza.

Wewe ukiwa hapa hii waifai haikuwa. Wario ndiye aliileta. Ni sanduku ndogo nyeupe ina taa, inaitwa ruta, na inakula kwa hiyo hiyo waya ya simu. Watu wa kampuni walikuja wakaiweka chumba changu, kwa ile tundu ya kitanda, kwa sababu sebuleni kabati ya vikombe ilikuwa imeficha ile ingine na hakuna mtu alikuwa na nguvu ya kuisukuma. Wakaweka na kadude kadogo ka rangi nyeupe, kana matundu mawili, moja ya simu na moja ya sanduku, ndio simu na intaneti zisipigane. Sawa. Nikazoea taa.

Lakini unajua kuta za babako. Mawe. Intaneti ikitoka chumba changu ikifika kwa koridoo imechoka. Kwa hivyo Wario akawa anakuja na kompyuta yake, anakaa kitanda yangu, anafanya mkutano na wakubwa wa kaunti. Sasa mkutano inafanywa ukiwa kitandani kwa mamako, na tai. Siku moja mimi nikaingia natafuta viatu, nimejifunga leso ya ndani tu na kichwa wazi. Nikasikia sanduku inasema, "Salaam aleikum, mama!" Nikaruka. Kumbe wako ndani wote, wanaume watano sita wamepangwa kama picha za kura, wananiangalia. Nikavuta shuka nikajifunika. Halafu nikafikiria, si hawa ndio kaunti? Si ndio tuliambiwa wakija karibu tutawaona kwa macho? Nikakaa hapo kando ya Wario nikawauliza, "Ile bowsa, lori ya maji, mlisema itakuja Bulla Pesa, imepotelea wapi?" Mmoja akajifanya hasikii. Mwingine uso yake ikasimama, haipepesi. Wario akafunga kompyuta.

"Mama," akaniambia, "hii sanduku lazima itoke hapa."

Sasa hapo tuligombana. Mimi nikasema hakuna kitu inatoka. Yeye akasema, "Wewe unadhani ni mkutano ya kazi peke yake? Mimi kila jioni naandikia yule ajenti alimpeleka Qabale. Naandikia ofisi ya ubalozi. Naandikia wale watu wanasaidia wasichana. Wananiambia tupigie kwa video, nikipiga inakatika, wananiona mdomo wazi sauti hakuna. Dadangu atapatikana na hii intaneti, mama, na intaneti inataka kukaa mahali iko wazi."

Sikuwa najua hiyo, Qabale. Hakuwa ameniambia. Nilikuwa nadhani amekusahau, kwa sababu hataji jina lako. Kumbe hataji kwa sababu hana kitu ya kuniambia. Nikamwambia, "Basi sukuma kabati."

Wakasukuma kabati, yeye na mume wa Mama Kinoti. Vikombe viwili vilikufa. Nyuma yake tukapata ile tundu ya kwanza ya babako, na buibui, na kalamu, na kile kiatu cha mdomo wazi ulikililia sijui Idi gani, tukakutafutia mpaka kwa majirani.

Wario akachomoa sanduku chumbani, akabeba na kale kadude kake, akaweka sebuleni. Taa zikawaka. Akashangilia kama amefunga goli. Mimi nikarudi chumba changu. Simu yangu sasa imechomekwa peke yake kwa ukuta bila kadude, kwa sababu kadude ni kamoja. Nikainua nisikie.

Qabale, nilisikia kitu inakaanga. Shhhhh, chrrr, kama vitunguu kwa mafuta moto. Nikasema moyoni, ni yeye. Yuko jikoni kwa hao watu, ameweka simu mahali, hawezi kuongea. Nikaanza kuita, "Qabale! Qabale, usiongee kama kuna mtu, gonga tu sufuria!" Nikasimama hapo na sikio inachomeka. Nikakuambia habari ya hapa yote. Nikakuambia Mama Kinoti amepata mjukuu. Nikakuambia ile mbuzi yako yenye sikio moja imezaa. Nikakuuliza kama ile nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga niliwekea mkebe, ilifika, ama walikunyang'anya kwa ndege. Na ikawa inakaanga tu.

Ni Wario alinikuta. Alichukua ile simu kwa mkono yangu, akasikiza, akairudisha chini. Akasema pole pole sana, "Mama, hiyo ni intaneti. Inapigana na simu kwa sababu hakuna filta." Halafu akasema, "Na simu pia inasumbua intaneti. Tutaitoa, mama. Nani anapiga simu ya nyumba siku hizi?"

Nikamwambia, "Dadako."

Alikaa chini kwa mkeka na tai yake, akafunika uso. Mimi nikakaa kitandani. Na hiyo ndio ilikuwa shida yetu, na bado sijui nani alikuwa sawa. Yeye anakutafuta na sanduku, mimi nakungojea na simu, na ukuta ni moja na waya ni moja. Tukiwasha yake yangu inakaanga. Tukiwacha yangu, yake inakufa.

Lakini kitu ilinichanganya zaidi ni nambari. Nambari inakaa wapi? Hapo ndio nataka unisaidie, wewe umesoma. Nilidhani nambari inakaa kwa ile tundu, kama nyumba ina mlango. Sasa kama sanduku imehama tundu, nambari imehama nayo? Ukipiga italia wapi? Nikamuuliza Wario, akasema, "Nambari iko kwa kampuni." Kampuni iko Nairobi! Sasa wewe upigie Nairobi na mimi niko Bulla Pesa? Nikamuuliza Mama Kinoti, akasema iko ndani ya simu yenyewe, kwa kitu kama kadi. Fundi leo nimemuuliza akasema, "Iko kwa laini, Ako." Nikamuuliza laini ndio hiyo waya? Akasema, "Laini ni laini." Nikamwambia, "Wewe pia hujui." Akacheka, akasema, "Najua kuitengeneza. Kuieleza ndio sijui." Huyo ni Mturkana, anaitwa Ekiru, mtu mzima na nywele nyeupe hapa pembeni. Angalau hakunidanganya.

Nilimwambia vile sisi tulikuwa tunafanya nikiwa msichana, Biliqo. Nyasi ikiisha tunahama. Mama yangu anafungua nyumba, mti moja moja, anapakia ngamia, na mahali nyumba ilikuwa kunabaki ile duara ya majivu tu. Na kama kuna mtu yetu hajarudi, amepotea na ngamia ama ameenda soko mbali, mama anavunja tawi ya mti, analaza hapo kwa majivu, kichwa yake inaangalia mahali tumeelekea. Yule mtu akirudi, anakuta hakuna nyumba, lakini anakuta tawi. Anajua. Nikamuuliza fundi, "Sasa kwa hii yenu, mkihamisha, tawi ni gani? Mtoto wangu akipiga hapa pa zamani, ni nini itamwonyesha tumeelekea sebuleni?"

Aliacha kufungua skurubu. Akasema, "Ako, hamjahama. Ni sanduku imetoka chumba moja ikaingia ingine. Yeye akipiga, inalia mahali popote kuna simu kwa hiyo laini. Hata ukiweka simu kila chumba, zote zitalia pamoja."

"Zote pamoja?"

"Zote pamoja."

"Na yeye atakuwa anaongea na nani?"

"Na mwenye ameinua kwanza."

Nimejaribu kuelewa hiyo. Mama Kinoti anasema ni rahisi. Kwake kila kitu ni rahisi mpaka umwambie aeleze.

Haya, samli. Nimekaribia kusahau samli, na hapo ndipo nilianza.

Vile tuligombana na Wario, siku ya pili yake, Wario ameenda ofisi, mimi nikakaa nikafikiria. Nikaona labda shida ni kwamba tumehamisha kitu bila baraka. Kwetu mti ya kwanza ya nyumba mpya ikisimama, unaipaka samli kabla mtu hajalala ndani. Huwezi kuamka tu, kuvuta kitu kutoka chumba cha mama, kuisimamisha sebuleni, na hakuna mtu amesema hata bismillahi. Basi nikachoma buna. Nikakaanga ile kahawa na maganda yake kwa samli, ikapasuka, nyumba ikanukia kama wakati babako alikuwa hai. Nikamwita Mama Kinoti tukaitafuna. Yeye alikula! Anaandika hapa kama mtakatifu lakini alikula bakuli moja na nusu. Tukaomba. Mimi kwa dini yangu, yeye kwa yake, sote tukakutaja wewe kwa jina. Halafu nikachovya kidole kwa ile samli ya buna, nikapaka sanduku juu kidogo, hapa kwa paji. Nikapaka tundu ya sebuleni. Nikaenda chumbani nikapaka na ile yangu, ndani kabisa, kwa sababu yangu ndiyo ilikuwa na shida. Nikasema, "Lete mtoto."

Mama Kinoti anasema niandike kwamba yeye hakujua nitaingiza kidole ndani. Haya, imeandikwa. Lakini ulikuwa umesimama hapo ukilamba vidole, Mama Kinoti.

Kwanza ilikuwa sawa. Jioni Wario akarudi, taa ni nyekundu. Simu ikanyamaza kabisa, hata ile kukaanga hakuna. Nikainua, kimya kama kaburi. Sasa hapo Qabale mimi nilikuwa kama mwendawazimu. Hiyo kukaanga nilikuwa nimeichukia, na sasa nikaitamani. Wario akapigia kampuni, wakasema tutatuma mtu. Mtu hakuja. Akapiga tena. Mimi nilikuwa naenda kila saa nainua, nasikiza, narudisha. Nikafikiria, kama ni leo amepata nafasi? Kama huyo mwanamke wa nyumba ameenda sokoni leo, na wewe umekimbia kwa simu, na kidole yako imeimba ile nambari, na huku hakuna kitu inalia? Utadhani tumehama. Utadhani mimi nimekufa. Utadhani tumebadilisha.

Sikula vizuri. Mama Kinoti aliniletea maharagwe nikampelekea mbuzi. Anasema hakuwa anajua hiyo. Sasa unajua.

Na kwa hizo siku zote sikukumbuka samli hata kidogo. Wallahi. Kwa akili yangu samli ilikuwa ndiyo dawa, mtu hafikirii dawa ndiyo ugonjwa. Ni mpaka leo, fundi alipoingiza kidole na kunusa, ndio nikakumbuka. Nikajibu kuhusu Biliqo, nione kama ataacha kuuliza.

Wario hajanisemesha tangu nitoke. Hapana, ngoja, alitoka hapa akaniletea stuli nzuri, akachukua hii mbovu. Macho yake imekuwa ya babako, umeona? Hujaona. Utaona.

Fundi amesafisha na pamba na spiriti. Alipita hapa akaniomba kijiti ya kuchokonolea sisimizi, nikampa ya kusugulia meno. Nikamuuliza, "Imekufa?" Akasema, "Haijakufa. Imeshiba tu." Amechomoa kile chuma ya ndani akaweka ingine. Na kwa begi yake amepata kadude ingine, ka pili, ile filta. Nikamuuliza inafanya nini. Akasema inachuja. Nikamuuliza, "Kama chujio ya chai?" Akasema, "Kabisa. Majani inabaki upande wa Wario, chai inakuja upande wako." Hiyo nimeelewa. Katika hii maneno yote hiyo peke yake ndio nimeelewa, na pengine pia nimeelewa vibaya.

Kama amesema ukweli, basi sanduku itakaa sebuleni na Wario atakutafuta huko, na simu itakaa kando ya kitanda yangu na mimi nitakungojea hapo, na hatutapigana tena. Lakini mimi bado sina uhakika, Qabale. Naongea nawe hivi kama mtu anajua, lakini sijui. Sijui kama hizo siku imekuwa kimya ulipiga. Hiyo ndiyo inanisumbua kuliko zote, na hakuna fundi anaweza kufungua hiyo aniambie. Fundi nilimuuliza, kama mtu alipiga ikiwa imekufa, kunabaki alama? Akasema kwa simu kama hii, hapana. Haibaki kitu.

Kama ulipiga, sikuwa nimekwenda mahali. Nilikuwa hapa. Nilikuwa nimekaa kando yake. Ni tundu ilikuwa imeshiba. Piga tena. Piga hata kama huna kitu ya kusema, mimi nitasema, unajua mimi sikosi. Piga ukae kimya, nitajua ni wewe. Na kama huyo mwanamke anaona, mwambie ni mama, hata yeye ana mama. Na kama huwezi kupiga, mwambie huyo msichana mwenye anakusomea hii akuandikie jibu kwa grupu, hata neno moja tu, aandike nagaa, amani, na mimi nitajua unapumua. Na ile sehemu ya kuuliza umekula, nilikuwa nataka kusema kitu ingine. Nilikuwa nataka kusema rudi. Sikutaka ulie huko mahali umejificha, wakusikie. Ndio maana nikasema chakula.

Mama Kinoti, kwa nini umeacha kuandika? Andika. Usifute hiyo na kitambaa, utaharibu karatasi.

Nilikuwa nimefika wapi? Mbuzi. La, mbuzi nilisema. Mwambie kabati ya vikombe tumeiacha katikati ya nyumba, kila mtu anaizunguka, na

Wario anaita. "Mama! Fundi amemaliza! Anataka kukupigia ajaribu, kuja uinue!"

Anaita tena. Ngoja, mguu imelala. Nishike mkono, Mama Kinoti. Hapana, wewe andika, nitasimama mwenyewe.

Inalia. Unasikia? Ile ile sauti. Inalia chumbani kwangu. Qabale, najua ni fundi, amesimama hapo sebuleni na simu yake mkononi, ukuta moja tu katikati, najua. Mama Kinoti ananiambia ni fundi. Lakini inalia vile ilikuwa inalia, na mimi nimewacha viatu. Andika hapo chini kwamba ni mimi, mama yake, nimeenda kuinua.

Mama yako